Fimbo ya chambo cha juu na jekibeti: dalili, chanzo na tiba kwa tunaovua Kigoma

Samaki akichomoka, kitu cha kwanza tunacholaumu ni ndoano. Akichomoka wa pili tunabadilisha chambo. Wa tatu, tunasema ziwa limechafuka au mwezi ni mkubwa. Fimbo inabaki mkononi bila kuulizwa swali, kwa sababu ndiyo tuliyoilipia pesa nyingi na hatutaki iwe na kosa. Nimevua hivyo msimu mzima kati ya Bangwe na Katonga, hapa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Ninaandika haya nikimfikiria mtu aliyenunua fimbo yake ya kwanza ya kurushia chambo bandia, akaona mambo hayaendi, na hana wa kumuuliza.

Kwanza tuelewane majina. Chambo cha juu ni kile kinachoelea na kufanya kazi usoni pa maji. Kipo cha aina ya popa, chenye mdomo uliochimbwa kama kikombe, kinachotema maji ukikishtua. Na kipo chenye umbo la sigara, ambacho unakitembeza kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta mlango. Jekibeti ni samaki bandia mwembamba mwenye kijiulimi cha plastiki chini ya kidevu. Unamshtua kwa mkono, anachupa pembeni, unamwacha atulie, unamshtua tena. Vyambo vya namna hii vina ukoo na kile alichochonga Lauri Rapala kule Finland mwaka 1936 kwa kisu na koki, akakifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti.

Fimbo zinazouzwa kwa kazi hii karibu zote zimebuniwa kwa ajili ya samaki anayeitwa besi, mwenye mdomo mpana, ambaye kwao ni Amerika Kaskazini. Wakenya walimpata Ziwa Naivasha tangu 1929. Kwetu Tanganyika hayupo, lakini fimbo yake inatufaa sana. Besi mkubwa kuliko wote kwenye rekodi, aliyevuliwa na George Perry huko Georgia, Marekani, mwaka 1932, alikuwa na kilo 10 na kidogo. Manabu Kurita akamfikia mwaka 2009 katika Ziwa Biwa, Japani. Hao ni wa pekee. Besi wa kila siku ni wa kilo moja, mbili, tatu, na huo ndio uzito wa kuhe na wa sangala wadogo tunaowapata kando ya miamba. Kwa hiyo usiogope neno besi lililoandikwa kwenye fimbo. Ogopa herufi zinazolifuata, na nitazieleza.

Samaki anapiga, unamwona kabisa, kisha anachomoka

Asubuhi moja, jua halijapanda vilima vya nyuma ya mji, sangala wadogo walikuwa wanawafukuza dagaa hadi usoni pa maji karibu na miamba ya Bangwe. Popa yangu ilipigwa mara saba, nilihesabu. Wawili niliwahisi kwa sekunde chache, wakaenda zao. Nikaivuta popa, nikaileta karibu na macho. Kwenye tawi moja la ndoano palikuwa na kipande cha ngozi nyeupe, nyembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Nikaijaribu ndoano kwenye ukucha wangu wa gumba, ikakwama palepale. Ilikuwa kali. Basi ndoano ilikuwa imeingia vizuri, na mimi ndiye niliyeing'oa.

Fimbo ile ilikuwa na sentimita 221, nguvu kubwa kiasi, mpindo wa haraka, yaani inapinda karibu na ncha tu, na rili ilikuwa na uzi wa kusuka wa kilo 13, yaani unaohimili mvuto wa kilo 13 kabla ya kukatika. Kila kitu kuanzia bega langu hadi mdomo wa samaki kilikuwa kigumu. Ndoano za vyambo hivi zina matawi matatu ya waya mwembamba. Haihitajiki nguvu kubwa ili ziingie; zinachotaka ni mvuto wa sawasawa usiolegea na usiokaza ghafla. Samaki anapotikisa kichwa au kuruka, lazima kitu fulani kati yenu kijipinde. Nailoni hunyumbuka. Uzi wa kusuka haunyumbuki kwa kiasi cha kukusaidia. Mshipi usiponyumbuka na fimbo isipopinda, kinachobaki kunyumbuka ni nyama ya mdomo, nayo huchanika.

Lakini usikimbilie kununua fimbo nyingine. Soma ndoano kwanza, maana dalili moja ina zaidi ya chanzo kimoja.

Ndoano ikirudi na utando au gamba, na ulimhisi samaki kabla hajaondoka, fimbo yako ni ngumu kwa ndoano hizo, au breki ya rili imekazwa mno. Legeza breki kwanza, ni bure. Tatizo likiendelea, ni fimbo.

Ndoano ikirudi imenyooka, umevuta kwa fimbo ya nguvu kubwa huku breki imefungwa. Hapo hata ndoano mpya haitakusaidia.

Ndoano ikirudi safi na hukuhisi uzito wowote, umevuta mapema. Hili ni kosa la macho. Katika chambo cha juu unaliona pigo kabla mkono haujalihisi, na mkono unafuata macho. Subiri mpaka mshipi wenyewe ukuambie kuna mtu upande wa pili, ndipo uvute kwa kuinua fimbo pembeni polepole. Fimbo laini kidogo inasaidia hapa pia: inachelewa kupeleka mvuto wako, na kule kuchelewa kunampa samaki nafasi ya kufunga mdomo na kugeuka.

Na kama ndoano haikwami kwenye ukucha, ni butu. Itie tupa au uibadilishe, na achana na mambo ya fimbo kwa siku hiyo.

Jinsi ya kujua fimbo yako ni ngumu kiasi gani bila kutegemea maandishi: pitisha mshipi kwenye pete zote, funga kwenye chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, iweke chini. Simama, shika fimbo ikielekea mbele kidogo juu ya usawa wa kiuno, kaza mshipi, kisha inua chupa taratibu bila kuipandisha fimbo wima. Mtu wa pili atazame kutoka ubavuni. Fimbo ninayoitaka kwa chambo cha juu na jekibeti hujipinda katika theluthi ya juu, na mpindo unateremka polepole kuelekea katikati huku kitako kikibaki kimenyooka. Kama ni ncha tu inayoinama na chini ya hapo fimbo imesimama kama mti wa hema, ni ya kazi nyingine. Kama inapinda hadi kwenye mshikio, itakushinda kushtulia jekibeti. Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilizipima hivi fimbo zote nilizoweza kuazima, uani nyumbani. Mbili zilizoandikwa herufi zilezile zilipinda tofauti kabisa. Kwa hiyo amini chupa kuliko stika.

Chambo cha juu hakitembei, kinakuja moja kwa moja kama kijiti

Uliza kwanza kuhusu mshipi. Florokaboni, aina ya mshipi unaofanana na nailoni, huzama. Ukiifunga kwenye chambo cha juu, inashuka chini ya maji na kuvuta pua ya chambo, nacho kinapiga mbizi badala ya kuteleza. Kwa chambo cha juu tumia nailoni, au uzi wa kusuka wenye kipande cha nailoni mbele yake chenye urefu wa kama mkono. Angalia na fundo: likikaza moja kwa moja kwenye pete ya chuma isiyocheza, pua imefungwa. Weka kipete au fundo lenye kitanzi.

Kisha mkono. Chambo hiki hutembea kwa mshipi uliolegea. Unakigonga, halafu papo hapo unaurudisha mkono ili ulegevu urudi, nacho kinageuka chenyewe. Ukikaza mfululizo, hakina nafasi ya kugeuka.

Hayo yote yakiwa sawa na bado hakitembei, sasa ni fimbo, na kwetu Kigoma mara nyingi ni urefu. Ninalisisitiza hili kwa sababu maelezo ya huko nje hayalitaji. Wavuvi wa besi wa Marekani husimama juu ya sitaha ya boti pana, miguu yao ikiwa juu ya maji kwa kiasi kizuri. Kutoka hapo, fimbo ya sentimita 213 inaelekezwa chini na ncha yake haigusi maji. Sisi tunakaa ndani ya mtumbwi. Kiuno kiko karibu sawa na maji. Chukua fimbo ileile, ielekeze chini ufanye kazi ya kugonga, na kila pigo ncha inachota maji. Utaona matone yakirushwa kutoka kwenye pete ya mwisho, utasikia mlio mdogo wa maji kupigwa, na mkono utaanza kupanda juu wenyewe ili kuikwepa. Mkono ukipanda, pembe ya mshipi inaharibika, na chambo kinaruka badala ya kuteleza.

Kwa anayekaa kwenye mtumbwi ninashauri sentimita 190 hadi 200. Kwa anayesimama juu ya miamba, kama ile ya Katonga, urefu unageuka kuwa rafiki: sentimita 205 hadi 215 zinakusaidia kuuweka mshipi juu ya mawe na kutupa mbali. Kama unafanya vyote viwili, chukua fupi. Fimbo fupi juu ya mwamba inakupunguzia umbali kidogo tu. Ndefu ndani ya mtumbwi inaiharibu kazi yote.

Mshikio nao uangaliwe. Ukiwa umekaa, kitako kirefu kinagonga mbavu au kinanasa kwenye koti la kuokolea. Mshikio wa nyuma usizidi sana urefu wa mkono kutoka kiganja hadi karibu na kiwiko. Nilikuwa na fimbo nzuri ambayo niliichukia kwa sababu hiyo tu, na nikaikata kitako sentimita nane nikafunga mpira wa kuziba. Kukata kitako hakuharibu mpindo. Usikate ncha kamwe.

Jekibeti haichupi, au inazama ukiiacha

Hizi ni dalili mbili na watu huzichanganya.

Ikiwa haichupi, yaani ukishtua inasogea mbele tu kwa unyonge, mshtuko unapotea njiani. Labda fimbo ni laini mno na inaumeza mshtuko, au nailoni nene inanyumbuka. Hapa mahitaji yanapishana kidogo na ya chambo cha juu. Popa inavumilia fimbo ya taratibu. Jekibeti inataka ncha inayorudi haraka. Kwa sababu hiyo napenda mpindo wa kati unaoelekea kuwa wa haraka, nguvu ya kati, na florokaboni ya kilo 4 hadi 5. Florokaboni inanyumbuka kidogo kwa mshtuko mdogo, na kwa kuwa inazama inaisaidia jekibeti ishuke pale samaki walipo. Shtua kwa kifundo cha mkono, ncha ikielekea chini, kisha legeza. Usishtue kwa bega.

Ikiwa inachupa vizuri lakini ukiiacha inazama, fimbo haihusiki hata kidogo. Jekibeti zinazotakiwa kusimama majini bila kupanda wala kushuka zimepimwa kwa maji ya joto fulani, na nyingi ni kwa maji ya baridi ya kwao. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Maji ya juu ya Tanganyika huwa na nyuzi 24 hadi 28 hivi, kwa hiyo kitu kilichosimama katika maji ya nyuzi 10 kitaelekea kushuka taratibu kwetu. Badilisha ndoano ya tumbo uweke ya waya mwembamba zaidi, au tumia mshipi mwembamba. Nimeona mtu akiuza fimbo yake kwa hasara kwa ajili ya tatizo hili.

Ukivua kuhe kwa jekibeti, mwache atulie muda mrefu zaidi ya unavyofikiri. Maji yetu ni maangavu sana, anaiona kutoka mbali na ana muda wa kuifikiria. Na jambo ninaloliomba kwa moyo: kuhe hulea watoto wakiwa wawili, dume na jike, wanalilinda kundi la vitoto juu ya mchanga. Ukiwaona wawili wanaozunguka mahali pamoja bila kuondoka, watapiga jekibeti kwa hasira ya mzazi. Usiitupe pale. Ukimtoa mmoja, vile vitoto vinaliwa siku hiyohiyo.

Chambo hakiendi mbali, au rili inafanya kiota

Hapa soma maandishi juu ya mshikio. Herufi M maana yake nguvu ya kati. ML ni nyepesi kidogo. MH ni kubwa kiasi. H ni kubwa. Hiyo ni nguvu, yaani inahitaji uzito gani ili ipinde. Neno la pili linasema inapinda wapi: Fast ni karibu na ncha, Moderate ni hadi katikati, na Moderate Fast ni kati ya hapo. Watu wanachanganya haya mawili, wakidhani Fast ni fimbo yenye nguvu. Fimbo inaweza kuwa dhaifu na yenye mpindo wa haraka, au yenye nguvu na mpindo wa taratibu.

Chini yake kuna uzito wa chambo, mara nyingi kwa aunsi. Aunsi moja ni gramu 28. Nusu ni gramu 14. Robo ni gramu 7. Ile inayoandikwa 3/8 ni kama gramu 10 na nusu. Popa na jekibeti nyingi za kawaida ziko kati ya gramu 9 na 18. Ukitupa chambo cha gramu 10 kwa fimbo iliyoandikwa kuanzia gramu 14 kwenda juu, fimbo haipati mzigo wa kuipinda, unalazimika kutupa kwa nguvu za mkono, na kwenye rili ya kulala, ile ambayo ngoma yake huzunguka ukitupa na unaizuia kwa kidole gumba, kidole kinachelewa, mshipi unafura na kujizonga kama kiota. Tatizo hilo huwezi kulitibu kwa kukaza breki. Weka uzito wa chambo chako katikati ya vile vipimo viwili vya fimbo, usiwe kwenye ukingo.

Miezi ya kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini unachukua chambo chepesi hewani. Geuza mgongo uliko upepo au hamia upande wa ghuba uliokingwa. Kununua fimbo ngumu ili "kupasua upepo" ni kurudi kwenye tatizo la kwanza.

Yale madogo

Mshipi unajizonga kwenye ncha kila baada ya mishtuko michache: ni uzi wa kusuka, ambao hauna ugumu wake wenyewe, unalegea na kuzunguka pete ya mwisho au ndoano ya mbele. Kile kipande cha nailoni mbele kinatibu. Usipoufungua kwanza, ukishtua tena, ncha inakatika.

Mkono unauma baada ya saa moja: weka rili kwenye fimbo, ilaze juu ya kidole mbele kidogo ya rili. Ncha ikianguka kwa kasi, fimbo ni nzito mbele na unaibeba kwa kifundo siku nzima. Rili nzito kidogo husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Mshipi umekatika, umekatwa safi kama kwa wembe: karibu na mdomo wa mto Malagarasi kuna samaki wa meno ya nje, wa jenasi ya Hydrocynus. Weka kipande cha waya wa chuma. Fimbo haina kosa. Lakini mshipi ukikatika ukiwa na manyoya kama umesuguliwa, pitisha kipande cha soksi nyembamba ya nailoni katika kila pete. Pete yenye ufa itainasa nyuzi.

Fimbo imevunjika ncha

Fimbo za kaboni ni nyepesi na zinapeleka taarifa mkononi vizuri, ila hazisamehe. Nyingi hazivunjwi na samaki. Huvunjwa na sisi wakati samaki keshafika ubavuni mwa mtumbwi. Tunainua fimbo wima, au hata kuipitisha nyuma ya bega, ili kumsogeza samaki mkononi. Hapo uzito wote unahamia kwenye sentimita chache za juu, zile nyembamba kuliko zote, wakati kitako chenye nguvu hakifanyi kazi. Unasikia mlio kama wa bua kavu. Fimbo isipite pembe ya nusu kati ya kulala na kusimama. Samaki akifika, legeza mshipi kidogo, piga goti, tumia wavu wa mkono. Na usimtungike samaki hewani kwa fimbo kumwingiza mtumbwini. Wavuvi wa mshipi wa mkono wanalijua hili kwa asili: wanaukusanya mshipi hadi mwisho na kumshika samaki wakiwa wameinama.

Chanzo kingine ni safari. Fimbo iliyofungwa pembeni mwa bodaboda hadi Kibirizi inagongwa na nondo, na geti, na goti la abiria. Ufa mdogo usioonekana unakaa kimya, kisha fimbo inakatika siku ukiwa na samaki wa nusu kilo, nawe unalaumu kiwanda. Kata bomba la maji la plastiki la inchi mbili, ziba upande mmoja, weka kitambaa ndani. Ukipitisha pamba juu ya ufito na ikanasa mahali, papime kwa ukucha. Kama pana mkwaruzo unaoingia ndani, usiiamini tena hiyo fimbo kwa samaki mkubwa.

Kama unaanza na unajua utaigonga, chukua fimbo ya fibaglasi au iliyochanganywa. Ni nzito kidogo, ila inapinda taratibu kwa asili yake, inavumilia kugongwa, na kwa popa ni tamu mno. Sangala wa kwanza niliyemfikisha mtumbwini kwa popa nilimtoa kwa fimbo ya fibaglasi ya kuazima, mapema wiki iliyofuata ile asubuhi ya pigo saba, mahali palepale.

Kwenye magugu

Ukienda upande wa mabwawa ya Malagarasi, kwenye matete na mayungiyungi, utataka kutupa chura wa mpira. Huyo naye ni chambo cha juu, lakini usimchanganye na hayo niliyoyasema. Ana ndoano mbili nene zilizolala mgongoni, na samaki lazima atolewe magugu yakiwa yamemfunika kichwa. Hapo inatakiwa fimbo ya H au MH, mpindo wa haraka, na uzi wa kusuka wa kilo 20 au zaidi. Ni kinyume kabisa. Anayekuambia fimbo moja inafanya popa, jekibeti na chura anakuuzia kitu. Huko pia kuna mamba na viboko, kwa hiyo usivue ukiwa umesimama ukingoni ndani ya matete.

Nina pesa ya fimbo moja tu

Basi nunua sentimita 198 hadi 203, herufi M, Moderate Fast, uzito wa chambo gramu 7 hadi 18, mshikio mfupi. Itashtua jekibeti vizuri, itatembeza chambo cha sigara vizuri, na kwa popa itatosha. Ukipewa uchaguzi wa M ya Fast na M ya Moderate, na unatumia nailoni au florokaboni, chukua Fast. Kama unatumia uzi wa kusuka na hutaki kuuacha, chukua Moderate, ili kitu kimoja katika mnyororo kiwe laini. Ndani ya duka usiitikise hewani kama fimbo ya mwalimu, haikuambii kitu. Mwombe muuzaji ashike ncha kwa kiganja na kitambaa huku wewe ukivuta taratibu, utazame inapindia wapi. Akikataa, nenda na chupa yako ya maji.

Fimbo inavuma

Hii ni dalili ambayo nimeisikia mara moja, mwezi wa Novemba, tukiwa wawili kwenye mtumbwi kati ya Bangwe na mji. Mvua ilikuwa bado mbali, na ziwa lilikuwa shwari. Nilitupa jekibeti, na mshipi haukuanguka. Ulibaki umening'inia hewani kama uzi wa buibui. Kisha fimbo ikaanza kunong'ona, mlio mwembamba kama wa nyuki ndani ya chupa, na nikahisi mchonyoto kwenye kiganja. Mzee niliyekuwa naye akasema, "Mwanangu, iweke chini hiyo."

Chanzo: kaboni hupitisha umeme. Wingu lililochaji linaivuta chaji kupitia kitu kirefu kilichosimama juu ya maji, na kitu hicho ni fimbo yako. Maana yake radi inaweza kupiga wakati wowote, hata kama hujasikia ngurumo. Ilaze fimbo chini ndani ya mtumbwi, usiishike tena, usikunje mshipi wala usijaribu kuokoa chambo. Kaeni chini, pigeni kasia kwenda ufuko ulio karibu, tokeni majini, muuache mtumbwi, na msisimame chini ya mwembe mmoja uliosimama peke yake. Fibaglasi haipitishi umeme kama kaboni, lakini mshipi ukilowa na mwili wako ukiwa ndio ulioinuka kuliko vyote, hiyo si kinga. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Sisi tulikata mshipi kwa kisu, jekibeti ikabaki ziwani.